Mchanga Ndani ya Fremu

Ndege yangu haikuruka, na watu wa Nyakitonto wanafikiri wanajua sababu. Wanasema ni kwa vile niliishia form four.

Niliichora mwenyewe kwenye kaunta buku, mwaka mzima. Injini ya pikipiki, mbawa za mianzi, juu yake nailoni nyepesi niliyoitafuta mpaka soko la Nyarugusu. Mbawa za kwanza nilitumia mbao za mikaratusi, nikashindwa hata kuzinyanyua peke yangu, nikazichoma moto siku hiyohiyo. Ndivyo nilivyo, sina subira. Baada ya hapo kila kitu nikawa nakipima kwenye mizani ya mnunuzi wa maharage kabla ya kukifunga. Yule mzee alikuwa ananicheka: "Leo bawa linaingia gunia ngapi?"

Fremu tu ndiyo sikuipima. Ilitengenezwa na fundi anayeunda keria za baiskeli. Aliileta jioni, imeshafungwa magurudumu, anaisukuma. Mimi nilishaona kazi imeisha. Uzito wake nilikuwa nimeupigia hesabu kwenye daftari, nikaliamini daftari.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Inyanyuke mita moja tu, kwenye kile kipande cha barabara kilichonyooka, halafu irudi chini. Mita moja juu ya wote walioniita kichaa.

Siku yenyewe walikuja hadi waliokuwa shambani. Nikawasha. Ikakimbia, mkia ukainuka, nikavuta usukani mpaka kifuani. Wapi! Barabara ikaisha, nikaingia kwenye mihogo ya watu.

"Rubani!" mtu akapiga kelele. "Kesho njoo ulime na kwangu!"

Kesho yake niliifungua yote, nikapeleka fremu kwenye mizani. Ilikuwa karibu mara mbili ya nilichoandika. Nikatoboa bomba moja. Ukatoka mchanga, unatiririka kama ulezi kwenye gunia lililotoboka.

Mafundi wetu wakitaka kukunja bomba lisibonyee, wanalijaza mchanga kwanza, wakishalikunja wanaumwaga. Nikajua huyu amesahau. Nikaenda kibandani kwake, mbele ya wateja wake, mtu wa rika la marehemu baba yangu, nikamtolea maneno ambayo hata hapa nashindwa kuyaandika. Mwisho nikasema, "Umesahau mchanga, fundi! Mwaka wangu mzima!"

Hakuinua macho. "Sikusahau."

"Sasa?"

"Kamuulize mama yako. Alikuja hapa akanipigia magoti. Mama wa mtu akikupigia magoti, wewe ungefanyaje? Nikauacha humohumo, nikaziba mabomba."

Mama nilimkuta anamenya mihogo. Hakukana hata kidogo. Baba alifia Kibondo, alianguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga wa nyuki. Ndiyo maana tulihamia huku Kasulu kwa wajomba.

"Ilikuwa mita moja tu, mama."

"Na baba yako aliniambia umebaki mzinga mmoja tu."

Akaendelea kumenya. Maneno hayo yananiuma mpaka leo kuliko kicheko cha barabarani. Angeniambia usoni, ningebishana naye. Ameniacha nichekwe na kijiji kizima huku anajua.

Kwa fundi nilirudi kuomba radhi. Akasema "yameisha" huku anachomelea, hakunitazama.

Fremu ipo nyuma ya nyumba, mihogo inaanikwa juu yake. Lile tundu nililotoboa mtu ameliziba kwa kitambaa, na mimi sijauliza nani. Nikiamua, mchanga wote naumwaga asubuhi moja. Mama anajua hilo. Kila siku akitoka kufagia uwanja anapita pale, anaegesha ufagio ukutani, anashika ncha moja ya fremu na kuinyanyua kidogo, kuona kama bado ni nzito.