Chipu Thelathini za Mtani

Siku ile tulikuwa watano barazani kwetu, hapa Tabora mjini: mimi, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi, mdogo wetu wa mwisho, binti wa kidato cha nne, mama mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Usoke, na mtani wetu Mzaramo, aliyeshuka na treni ya asubuhi kutoka Dar es Salaam akiwa na chipu zangu thelathini ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki mmoja baada ya mwingine. Nilirithi meza ya baba ya kutengenezea redio, na ndiyo iliyowalea wadogo zangu. Sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa naunda kitu changu mwenyewe: kengele ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Moto ukizidi, jani linaungua na jasho la mwaka mzima linapotea. Kengele yangu ingelia kabla ya hapo.

Yote hayo yalitegemea chipu, ubongo wa kengele. Tuliitafuta kwa miezi. Mdogo wangu alinisomea maelezo ya watengenezaji kwa Kiingereza, mimi nikiuliza maswali ya kifundi. Moja ilikula betri. Nyingine ilikuwa na miguu mingi kama tandu, ikanishinda kulehemu. Mwishowe tukaipata ya miguu minane. Ilitolewa kwa namna mbili, ya kustahimili joto la kawaida tu na ya kustahimili joto kali, na tofauti yake ni herufi moja tu mgongoni. Herufi ya joto kali niliiandika kwa kalamu nyekundu, nikampa mtani aninunulie Dar.

Kwa nini yeye? Siku tulipomzika baba, kama watani wafanyavyo msibani, aliruka kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipwe. Nilicheka huku machozi yananitoka. Mtu wa namna hiyo humkagui mzigo.

Alimwamkia mama wa Usoke shikamoo, kisha akanigeukia. "Na wewe Mnyamwezi, nimekuletea makapi. Zimechubuliwa mgongo hizo, zikapigwa herufi upya. Utajulia wapi?"

"Mzaramo, Dar yote ile hukuona kingine cha kuiba?"

"Babu zako walibeba mizigo toka huku mpaka Bagamoyo bila kuuliza ndani mna nini. Beba na wewe!"

Tulicheka. Mama wa Usoke alijifuta macho kwa khanga.

Mezani, kivulini, kengele ya kwanza ililia vizuri. Ningeweza kuiweka karibu na jiko la mkaa nione, kazi ya nusu saa. Niliona haya. Kumpima mtani baada ya utani wake ni kama kumwambia kwamba kweli ni mwizi.

Mama wa Usoke akaondoka na kengele ile. Siku ya mwisho ya kukausha, ambapo joto hupandishwa kuliko siku zote ili kikonyo cha jani kikauke, alifunga mlango wa bani akaenda misani, kanisa la jirani ambako mlio ungemfikia, kwa sababu safari hii alikuwa na kengele. Aliporudi, jani lilikuwa limeungua, jeusi. Kengele ilikuwa kimya.

Alinirudishia kisanduku cha kengele. Mdogo wetu wa mwisho alileta dawa yake ya kuondolea rangi ya kucha, akasugua mgongo wa chipu kwa pamba. Weusi ukatoka. Chini yake ilikuwapo herufi nyingine, ya joto la kawaida. Tukasugua zote thelathini, zote zikawa hivyohivyo.

Nilimpigia mtani simu.

"Si nilikwambia?" alisema. "Mchana kweupe, mbele ya watu."

"Ulikuwa unatania."

"Wewe ndiye uliyecheka, Mnyamwezi." Akacheka, akangoja zamu yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimkatia simu.

Kinachoniuma zaidi ya jani ni kwamba alijua nitacheka. Aliuchukua utani wa baba zetu akaugeuza pazia. Na kesho tukifiwa, atakuja, na hatuwezi kumfukuza.

Nilimwomba mama wa Usoke radhi. Nilitaka kusema habari ya kumlipa, akanikatiza.

"Jani limekwisha, mwanangu. Mimi nakudai kengele. Inayolia."

Tangu hapo nimenunua chipu kwa wauzaji wengine wawili, moja moja, na kila moja nimeianika juu ya jiko la mkaa. Zote zimezima. Sasa mabani ya Usoke yanafuka moshi tena, na mama yule amekaa mlangoni pa bani lake akichungulia kipimajoto kama zamani. Kisanduku chake kiko mezani kwangu, wazi, na vile vitundu vinane vya miguu ya chipu bado ni vitupu.