Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Katika maabara ya damu walimwita Mama Funguo, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Miaka kumi na mmoja alikuwa wa kwanza kufika. Alifungua mlango, akakagua majokofu, akafungua kompyuta ya pamoja kwa jina lake na nywila yake, kisha akapangusa meza. Wenzake wakifika, kazi yao ni kukaa tu. Watu wema wa namna hii huniudhi, maana hawajui wanajichimbia nini.

Programu ya kumbukumbu za damu iliuliza jina la mtumiaji kila ilipofunguliwa. Mama Funguo ndiye aliyegundua kwamba ukiacha kisanduku cha jina wazi ukabonyeza tu, programu haigombi. Inachukua jina la aliyefungua kompyuta na kulipeleka kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, na seva, kwa kuwa inaziamini mashine zote za humo ndani, inapokea bila kudai nywila.

"Acha wazi, bonyeza, pita," aliwafundisha, nao wakamshukuru kweli kweli. Tangu siku hiyo maabara nzima ilifanya kazi kwa jina moja.

Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Mama Funguo alipigiwa simu na jirani: mama yake mzazi ameanguka bafuni. Ruhusa hakuwa nayo, na mkuu wa maabara hakuwa mtu wa kubembelezwa. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimhangaikia mpaka akapata kazi hapo, alimsukuma mlangoni.

"Nenda wifi, nitakushikia. Umeshasaini daftari la mahudhurio, nani atajua?"

Alirudi saa saba kasoro, mama ameshatulia kitandani. Hata hajakaa, simu ya wodi ya wazazi ikalia. Alikuwa nesi.

"Mama Funguo, yule wa kitanda cha tisa anatetemeka vibaya, mgongo unamuuma. Kompyuta yenu inasema kundi A, tukamtundikia A kwa dharura. Mna hakika?"

Akaangalia. A. Lakini sampuli ile aliipima yeye mwenyewe asubuhi, akaandika O, na angeapa mbele ya yeyote.

"Toa huo mfuko! Toa sasa hivi!"

Akapima upya. O. Akarekebisha kumbukumbu haraka, na hapo ndipo alipofungua orodha ya mabadiliko. Saa tano na dakika kumi, O imekuwa A: jina lake. Saa saba na dakika tano, A imekuwa O: jina lake. Atakayesoma ataona mtu aliyekosea, kisha akakimbilia kuficha. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Wifi," alisema taratibu, "saa tano nani alikaa hapa?"

Wifi aliendelea kubandika lebo kwenye chupa. "Si ulikuwepo? Umesaini."

Saa kumi na moja jioni nesi alipiga tena. Safari hii hakuuliza kitu, alikuwa analia. Mtoto alikuwa salama, mama yake, yule wa kitanda cha tisa, hakuamka.

Jumatano, kwa mara ya kwanza, Mama Funguo alichelewa. Mkuu wa maabara alikuwa mlangoni na wageni wawili asiowajua, mmoja ameshika karatasi iliyochapishwa.

"Tupite ofisini kwangu, mama," mkuu alisema kwa upole ambao hakuwahi kuusikia kwake.

Njia ya ofisini ilipita kando ya kioo cha maabara. Ndani, kompyuta ilikuwa imewashwa, na mwenzao mmoja alisimama nyuma ya kiti akingoja zamu yake. Programu ilifunguka, ikauliza jina. Wifi yake aliinama, akaliandika la kwake lote, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kama mtu asiyezoea.