Nilikwenda Yoga ya Joto Kutibu Mgongo, Nikakutana na Udi Wangu

Admin nifiche vizuri, maana kisiwa chetu ni kidogo, mtu akipiga chafya Mkomani anaombewa rehema Langoni. Nina miaka thelathini na minane, nimeolewa, nina binti mmoja, nakaa Mkomani. Kazi yangu ni kushona kofia, na ukinikuta sishoni basi natengeneza udi. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Kila Alhamisi huniambia, "Yeo naenda Faza kwa mama, nitarudi kesho," nami humfungia kitu cha kumpelekea mama mkwe huko kisiwa cha pili, maana yule bibi nampenda kama mama yangu mzazi.

Sasa kofia zimenimaliza mgongo. Jirani akaniambia kuna nyumba hapa mtaani, ghorofani, wamefungua yoga ya joto, asubuhi ni wanawake watupu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lamu hii hii, tunayolala na kipepeo cha ukindu mkononi, mtu anawasha hita ili atoke jasho! Lakini mgongo ulivyonitesa, nikaenda.

Kwa ambaye hajawahi, nimpe habari asije akaumbuka kama mimi. Usile kabla. Mimi nilikula mahamri na mbaazi, nikaona nyota mchana. Chukua taulo mbili, leso moja haitoshi, jasho linatoka mpaka kwenye kope. Wanawake wanajaa mikeka imegusana, ukinyoosha mkono unamtia mwenzio kidole cha jicho. Madirisha yamefungwa, sakafu inateleza, mwalimu anasema "pumueni" na pumzi yenyewe hakuna. Ukisikia kizunguzungu kaa, hakuna atakayekucheka. Mimi niliona haya kukaa, nikaanguka puu.

Aliyenidaka ni wa mkeka wa pembeni, nitamwita Amina. Ni mtu wa bara, mwalimu wa shule, amesilimu juzi juzi tu alipoolewa. Alinipangusa uso kwa taulo lake, akanishikia chupa ya maji mdomoni kama mtoto. "Pole dada, hata mimi siku ya kwanza nilidhani nakufa. Kunywa polepole." Nikampenda pale pale.

Na pale pale, kichwa changu kiko mapajani mwake, nikasikia harufu. Jamani, chumba kile kikishapata moto kila mtu hutoa harufu ya nyumbani kwake: huyu mafuta ya nazi, yule vitunguu, yule asumini. Nywele za Amina zilitoa udi. Udi wangu! Na msiniambie udi ni udi. Juzi nilipika udi, sukari yake ikaniungulia kwa sababu nilikuwa nagombana na binti yangu, ukabaki na harufu ya kuungua kwa mbali. Sikumuuzia mtu, niliona aibu. Nilimpa mume wangu kopo zima ampelekee mama yake, bibi hachagui.

Nikajiambia ni joto limenipanda kichwani. Nikarudi darasa lililofuata, na mengine baada ya hilo, makusudi natandika mkeka karibu naye, namnusa kama paka jikoni. Mwalimu akisema fumbeni macho, mimi nimeyakodoa. Mgongo ukapoa, moyo ukaharibika. Mwisho nikampigia mama mkwe nikamuuliza kama udi ulimfaa.

"Udi upi, mwanangu? Na huyo mumeo mwenyewe tangu Ramadhani simuoni. Yu mzima?"

Nikamwambia yu mzima, kazi tu ni nyingi. Kumbe Faza ya mume wangu iko Langoni, anakokaa Amina. Hata boti haihitaji!

Najua mtakuja hapa kuniambia dini imemruhusu kuoa wa pili. Nani amekataa? Angeniambia ningelia, ningenuna, ningevunja sahani, yangeisha. Kinachoniuma ni zile Alhamisi zote nilizosimama mlangoni kumwombea salama ya safari mtu anayekwenda mtaa wa pili. Na mama yake huko anamngoja bure.

Jumatatu tukitoka darasani Amina akanishika mkono ngazini. "Dada, nasikia wewe ndiye fundi wa udi. Huu umeniishia, mama mkwe wangu ndiye aliyeutengeneza. Nitengenezee kama huu huu, nataka nimfurahishe mume wangu akija Alhamisi. Yule mke wake wa kwanza aliachana naye zamani kwa sababu hakuwa akimtunza." Akanipa kopo. Kopo langu la maziwa ya unga, mfuniko bado umefungwa kwa kipande cha gauni la binti yangu.

Ati simtunzi! Nikalipeleka nyumbani nikaliweka dirishani jikoni. Mume wangu akaingia, akaliona, akasimama. Nikasubiri. Akaomba chai.

Alhamisi ikafika, hakuondoka. "Mama amesema nisende wiki hii, bahari si nzuri." Nilimtilia chai. Tangu siku hiyo yeye anaingia na kutoka, haniangalii usoni. Mimi nami sikai, nafagia palipofagiwa, naosha vyombo visafi. Kopo lipo pale pale, hakuna anayeligusa.

Leo Amina ameniandikia: "Dada, udi uko tayari? Mume wangu hajaja wala hashiki simu. Sijui nimemkosea nini. Nakuuliza wewe kwa sababu hapa Lamu sina mtu mwingine."

Wallahi nilijitayarisha kumchukia yule mwanamke. Nimeshindwa. Kesho asubuhi ni darasa, na najua atakuwa ameshanitandikia mkeka wangu karibu na wake. Nimpelekee kopo limejaa ninyamaze, au nimkalishe chini nimwambie yule mke asiyemtunza mumewe ndiye mimi? Wenzangu, nyinyi mngemwambia nini mtu aliyewadaka mkianguka?