Ndevu za Mama

Bujumbura niliichukia kabla sijashuka kwenye gari. Ilikuwa mwaka 2013, nampeleka Mama hospitali kutoka Kitanga, kijiji chetu cha Kasulu ng'ambo ya mpaka, na tangu tuingie mjini tulikwama kwenye foleni, pikipiki zinapenya karibu zing'oe vioo vya gari, moshi unatujaa puani. Na joto lile, jamani! Sisi watu wa milimani asubuhi tunavaa sweta. Tulipanga chumba Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kando ya mtaro ulionuka vitu nisivyotaka kuvitaja. Pembeni ya mtaro huohuo watu wameweka mabenchi, wanakula.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema hawezi kumpasua mtu aliyekonda vile. Ale kwanza, apate nguvu, ndipo arudi. Na Mama alikuwa hali. Uji aliuonja akauweka chini, ugali wa muhogo na dagaa aliutazama tu. Nikimwogesha nashika mbavu tupu. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo nilimgombeza mama yangu mzazi, kisha nikatoka nje kulia.

Mbele ya mlango wetu alikaa mchoma mishikaki. Huyo ndiye aliyenimaliza kabisa. Kisu anakifutia kwenye aproni iliyoganda damu, jasho linamdondokea kwenye makaa, nzi wametulia juu ya nyama mbichi kama wamelipa kodi. Anageuza mishikaki kwa vidole, anavilamba, anashika mingine. Nikafunga dirisha. Mama akaniambia nifungue.

Alikaa ananusa. Baadaye akaomba nimtoe nje, akaketi kwenye benchi la mtaroni, akauliza ile ni nyama gani. Mchomaji alimjibu kwa Kirundi, ambacho kwa Muha kama mimi hakihitaji mkalimani, lugha zetu ni ndugu: impene. Mbuzi.

Nikajua basi, imeshindikana. Kwetu wanawake wa rika la Mama hawali mbuzi. Walifunzwa kwamba mwanamke akila mbuzi ataota ndevu, na Mama hakuwahi kuonja hata mchuzi wake. Mimi niliyesoma shule na kuuza duka Kasulu mjini nakula, na kila nilipokula mbele yake aligeuza uso.

Akanyoosha mkono, akapewa mshikaki.

"Mama, huyo ni mbuzi," nikamwambia.

"Nimesikia." Akauma, akatafuna polepole, mafuta yakamtiririka kidevuni. "Kila nilipojifungua, baba yako alichinja mbuzi kunipongeza. Wakala wanaume. Mimi nikala harufu."

Akaumaliza, akaagiza mwingine na ndizi ya kuchoma. Wa tatu akaninyooshea mimi. Nikatazama kisu, nzi na ule mtaro, nikageuza uso.

"Kula," akasema. "Zikiota, tutanyoana."

Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi kuliko uchafu wote wa mji ule.

Kila jioni tukawa tunakaa pale benchini, yeye anatafuna, mimi nafukuza nzi na kumtolea macho mchomaji, mpaka daktari alipomtazama Mama akakubali kumpasua. Uvimbe ukatoka salama. Mji wenyewe sikuusamehe. Hata siku ya kuondoka nilipita ule mtaro nimeziba pua kwa kanga.

Kitanga wanawake wenzake walikuja kumpa pole, na nikaona kila mmoja anamchungulia kidevu, maana mimi nina mdomo, nilishampigia shangazi simu. Mama akajipapasa kidevu taratibu. Akawaambia kwamba hospitali za Burundi wananyoa vizuri sana. Walicheka, lakini waliendelea kuchungulia.

Baba hakuwa amesikia lolote. Kwa furaha akachinja mbuzi kumpongeza mkewe, kama alivyozoea, na wanaume wakajipanga kulizunguka sinia. Nyama ilipowekwa, Mama alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.