Moto wa Mlimani na Shati Langu la Nailoni

Mwangaluka, ndugu zangu. Wakubwa wangu mlioketi huko mbele, shikamooni. Mganga wa zahanati yetu ameniomba niseme machache kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba, kwa sababu anasema maneno yake mmeshayazoea. Mimi mnanijua. Ni Masanja, fundi cherehani, baba yake Kabula. Sikuja kuwatisha. Nimekuja kuwaonyesha mkono wangu na kuwaeleza ulipita wapi.

Kabla sijaungua nilikuwa mzima wa afya, na maringo nilikuwa nayo kidogo. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mzee Sefu, yule mwenye duka la vitambaa. Tumbaku ikishauzwa nilishona mpaka miguu ikafa ganzi. Baada ya hapo kazi ilipungua, na kila kiangazi Mzee Sefu alichukua leseni ya kuwinda nyati, akapakia Landrova yake, akaniambia, "Fundi, njoo utupikie." Nikaenda miaka minne mfululizo. Tulikuwa watu watatu. Mzee Sefu na bunduki yake, mimi na sufuria zangu, na Luhende, Msumbwa wa upande wa Runzewe, ambaye aliweza kutazama unyayo akakuambia mnyama alipita asubuhi au jana.

Mwaka ule wa nne nilikuwa nimenunua shati la nailoni, rangi ya mbingu. Halihitaji pasi, na ukilifua linakauka kabla hujamaliza kuoga. Luhende aliponiona nimelivaa kambini alilipapasa kwa vidole viwili.

"Baba Kabula," akasema, "kuna harusi huku porini?"

Nikamjibu kwamba nyati naye anastahili kuheshimiwa. Tukacheka.

Sasa niseme ukweli wa wawindaji. Sisi moto tulikuwa tunaupenda. Nyasi kavu zikiungua, baada ya siku chache majani mabichi yanachipua, na wanyama wanashuka kuja kula. Tena unaona mbali. Kwa hiyo siku ya pili, tulipoona moshi upande wa pili wa milima, mimi na Mzee Sefu tulifurahi. Luhende hakufurahi. Alichukua majivu ya jikoni kwangu, akayarusha juu, akayaangalia yanavyokwenda.

"Upepo unazungukazunguka," alisema. "Na nyati wameshausikia huo moshi, wanahama. Mzee, turudi nyumbani."

"Kesho tu," Mzee Sefu akasema. "Kesho tukikosa, tunarudi."

Mimi nikaunga mkono kesho. Nilikuwa nawaza mchuzi wa mkia.

Kesho yake tukapanda mlima mapema. Mimi nilibeba maji na chakula cha mchana. Ilipofika kama saa nne, tukiwa katikati ya mteremko, upepo ukageuka. Nilisikia mlio kwanza, kama mvua kubwa inayokuja juu ya mabati. Nikatazama chini nikaona moto unapanda. Ndugu zangu, sikujua kwamba moto ukipanda mlima unakimbia kuliko mtu. Nilidhani utachoka, kama sisi.

Luhende akatoa kiberiti akawasha nyasi zilizokuwa mbele yetu. Nikadhani amechanganyikiwa. Moto nyuma, naye anawasha mwingine mbele.

"Subirini hizi ziungue, halafu tuingie kwenye majivu," alisema. "Moto hauli mahali pamoja mara mbili."

Mzee Sefu alimwamini. Mimi sikumwamini. Nilitupa mzigo nikakimbia kupanda juu, peke yangu, na shati langu la harusi. Nilifika mbali kidogo. Kisha nikajikwaa, nikaanguka kwa mkono wa kulia, na joto likanipata mgongoni. Moto wenyewe ulinigusa kwa muda mfupi tu, lakini nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka, inakuwa uji, na ule uji unashika ngozi hauachii. Nilijaribu kulivua shati kwa mkono wa kulia, na lile shati likaushika mkono pia.

Niliyemwona baadaye ni Luhende. Alikuja na gunia alilolilowesha kwa yale maji niliyoyatupa, akanifunika, akaniburuta kwa miguu mpaka kwenye yale majivu. Tukalala kifudifudi watu watatu, tukikohoa. Moto ukafika pale palipoungua, ukagawanyika, ukapita pande zote mbili. Na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo Mzee Sefu hasimulii vizuri bila mimi kumsaidia. Nyati dume akatokea kwenye moshi, akaingia kwenye majivu yetu, akasimama kama hatua kumi kutoka tulipo, anahema. Siku tatu tulikuwa tunamtafuta. Bunduki ilikuwa kiganjani kwa Mzee Sefu. Hakuiinua. Nyati akatutazama, akapumzika, moto ulipopita akaenda zake.

"Alhamdulillahi," Mzee Sefu akasema polepole. "Na aende."

Luhende alinipeleka kijitoni bondeni akanikalisha majini mpaka nikatetemeka. Nilimtukana kwa Kisukuma, akanijibu kwa Kisumbwa, lakini hakunitoa. Kisha safari ya Landrova, nimelala kifudifudi juu ya magunia. Njiani tulisimama kwenye mji mmoja kuomba maji ya kunywa. Wenyeji wakanihurumia sana. Mama mmoja akanipaka unga wa muhogo, mzee mmoja akaleta manyoya ya sungura akanibandika mgongoni. Walinipa walichokuwa nacho, na siwalaumu. Lakini tulipofika hospitali, muuguzi mmoja anayeitwa Sista Paskazia alinitazama kwa mshangao.

"Mmemleta mgonjwa au mmeleta sungura?" akauliza.

Kutoa yale manyoya kulichukua siku mbili, nywele moja baada ya nyingine, kwa koleo ndogo. Kila nywele niliijua kwa jina. Daktari aliposikia nilikalishwa majini alisema hilo ndilo lililosaidia, na hayo mengine ndiyo yaliyoleta usaha. Homa ilipanda. Mgongo ulitoa harufu ambayo hata mimi mwenyewe ilinichefua. Wiki mbili nililala kifudifudi chini ya chandarua, na nikajifunza kuwatambua watu kwa viatu vyao.

Mke wangu, Mama Kabula, alifika siku ya tano. Nilitambua kandambili zake. Hakulia. Aliinama akaangalia chini ya kitanda, uso wake ukakutana na wangu.

"Lile shati liko wapi?" akauliza.

"Limekwisha."

"Vizuri."

Mgongo ulianza kupona. Mkono ndio uliokuwa shida. Kidonda kilipokuwa kinafunga, kilivuta vidole, vikaanza kukunjika kuelekea kiganjani. Daktari alinieleza bila kuficha.

"Masanja, kidonda kitapona. Lakini tukikiacha hivi, mkono utabaki ngumi maisha yako yote. Tutachukua ngozi ya paja lako tuipandikize hapo. Baada ya hapo kazi ni yako. Kunyoosha vidole, kila siku, hata vikiuma."

Wakanifanyia upasuaji, na ngozi ikashika. Lakini niliponyoosha vidole mara ya kwanza niliona nyota mchana. Nikaacha. Siku kadhaa nikawa nauficha mkono chini ya shuka. Mke wangu alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, mbele ya wanaume wa wodi nzima. Niliona aibu. Siku moja nikamwambia auze cherehani, mimi basi tena.

"Cherehani siuzi," alisema. "Na kuanzia kesho sikulishi."

Kesho yake akaja na debe la karanga zenye maganda. Akaliweka juu ya kitanda, akasema, "Menya." Kwa mkono upi? Kwa huo huo. Siku ya kwanza nilimenya karanga sita, jasho likanitoka kama nalima. Ya pili, kumi na mbili. Sista Paskazia alipita akaona, akasema hakuna dawa dukani inayoshinda hiyo. Wodi ikaanza kunihesabia kwa sauti. Wagonjwa wenzangu walikula karanga mpaka mmoja akaumwa tumbo. Baada ya wiki sita nilikunja tonge langu mwenyewe, nikachovya kwenye mlenda, likafika mdomoni. Lilidondosha mlenda kidogo kifuani. Mama Kabula aligeukia dirishani, na hapo ndipo alipolia.

Huu ndio mkono wenyewe. Kidole kidogo hakinyooki sawasawa, lakini mkasi nashika, na uzi naingiza kwenye sindano haraka kuliko vijana wenu. Shemeji yangu aliponishika mkono kunisalimia siku niliyotoka, nilimwambia aache kunishika paja hadharani. Hakuelewa mpaka nilipomweleza ngozi ilitoka wapi.

Basi haya ndiyo ninayowaomba. Ukienda porini wakati wa kiangazi, vaa pamba. Mwenyeji wa milima akikuambia upepo umegeuka, funga mizigo, hata kama leseni inakwisha na hata kama unawaza mchuzi. Moto ukiwakuta mlimani, usikimbilie juu. Ingieni palipokwisha kuungua. Mtu akiungua, maji safi ya baridi, kitambaa safi, kisha hospitali. Unga mpikie ugali, sungura mwacheni na manyoya yake. Na wewe unayeuguza, usimwonee mgonjwa huruma mpaka akasahau kujitegemea. Mletee karanga.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari na Sista Paskazia, na Mzee Sefu aliyenitunzia nafasi yangu barazani. Mke wangu nimemshukuru nyumbani, kwa hiyo hapa hataki nirudie.

Na Luhende. Nilipopona nilimfuata kwao Runzewe na jogoo mkubwa. Nikamwuliza kwa nini alitoka kwenye majivu, mahali salama, akanifuata motoni, wakati mimi nilikataa kumsikiliza. Alikuwa anampapasa yule jogoo kifuani kuona kama amenona.

"Ilikuwa karibu mchana, Baba Kabula," akasema, "na tulikuwa bado hatujala, na mpishi ni wewe."

Wabeja, ndugu zangu. Asanteni kwa kunisikiliza.