Kitambulisho Ndani ya Kopo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Dobi alifua na kupiga pasi katika kibanda cha mabati nyuma ya ghala la saruji. Darasani hakuwahi kukanyaga, lakini nguo za watu alizisoma: kola ilimwambia nani kalala nje ya nyumba yake, goti likamwambia nani kaanguka. Kabla nguo haijagusa maji, alikagua mifuko. Alichokikuta alikitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa karibu na jiko la pasi: funguo, vifungo, risiti, picha za watoto. Kopo hilo lilimlindia heshima yake, maana mtu wa sura yake akipoteza kitu cha mteja haambiwi amesahau. Anaambiwa ameiba.

Sura yake ndiyo iliyokuwa kesi yake. Pua nyembamba, nywele zinazolala, rangi ya maji ya kunde. Babu yake aliletwa kuvunja mawe ya barabara kuu, akazikwa kando ya barabara hiyohiyo. Baba yake alizaliwa hapa, na yeye pia. Hata hivyo, kila msako ulipopita, askari walimruka muuza mkaa aliyehamia juzi wakaja kusimama mbele yake. "Mama, kitambulisho."

Aliyeweza kulifanyia mzaha jambo hilo ni mmoja tu, Fundi Viatu wa kibanda cha jirani, mwenye pua kama yake na misumari midomoni kutwa nzima.

"Mgeni Rasmi, umewasili?" alimwuliza kila asubuhi.

"Nimewasili, mgeni mwenzangu. Kiti changu kiko wapi?"

"Kipo, ila kina miguu mitatu."

Jumatatu moja Fundi alimrushia koti lake la kijivu. "Dada, Jumatano naitwa shuleni kwa mtoto. Linyooshe mpaka mwalimu aniamkie mimi. Na mifuko usiiache, nakujua, wewe hata shati lisilo na mfuko unalipekua!" Akarudi mbio kwa mteja aliyesimama na kiatu kimoja mkononi.

Mama Dobi akapekua. Kitana, kipande cha nta, na kitambulisho. Akavitia vyote kwenye kopo, akasema moyoni kwamba mkaa ukishika atampelekea.

Mkaa haukuwa umeshika gari la polisi liliposimama. Wakaanza na yeye, kama kawaida. Mwenye nyota begani akakigeuza kitambulisho chake mara nne, akaisugua picha kwa kidole gumba.

"Hiki umekinunua wapi?"

"Nimezaliwa hapa, afande."

"Nyote mmezaliwa hapa. Chuchumaa."

Akachuchumaa, mama mtu mzima, mbele ya wanawake aliowafulia nepi za watoto wao. Mmoja wao akageukia ukuta, mwingine hakugeuka, akatazama vizuri. Afande alipochoka akamtupia kitambulisho mapajani. "Inuka. Leo umepona."

Kisha wakaenda kwa Fundi. Fundi akapapasa suruali, akapapasa kifua, halafu uso ukamkunjuka. "Kiko kwenye koti, na koti analo dada pale. Dada, hebu niangalizie!"

"Asiye nacho analala ndani," afande alisema, "na kesho alfajiri kuna gari la mpakani." Akamgeukia Mama Dobi. "Wewe, unamjua huyu?"

Kopo lilikuwa hatua moja tu kutoka mguuni pake. Kazi yote ilikuwa kuinua kifuniko. Lakini aliona wazi kwamba akifungua tu wataitwa ndugu wa tumbo moja, naye atachuchumaa upya.

"Nafulia watu wengi," alisema. "Siwezi kumjua kila mtu."

Fundi alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaiweka mezani. Wakampandisha garini na aproni yake ya ngozi.

Siku hiyo Mama Dobi aliunguza shati, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Alisema ataenda kituoni adhuhuri. Akasema akimaliza mashuka. Askari walimdhulumu, hilo halina ubishi, lakini hakuna askari aliyeukalia mfuniko wa kopo lile.

Kesho yake asubuhi alikifunga kitambulisho kwenye leso, akaenda. Askari wa kaunta aliutazama uso wake kwanza, kisha kadi. "Una bahati, gari la mpakani limeharibika. Mngekileta jana yangekwisha jana."

Fundi alitoka hana mkanda, viatu vimebaki hukohuko. Fundi viatu, pekupeku. Walitembea mpaka kwenye kona ya ghala.

"Uliona lile bango kwenye ukuta wa kituo?" Fundi aliuliza.

"Mimi na maandishi wapi na wapi."

"Limeandikwa mwananchi aliyesahau kitambulisho ana haki ya kutaja mtu wa kumthibitisha. Nikakutaja wewe. Zamu ilipobadilika nikakutaja tena. Yule wa mwisho akaniuliza, sasa huyo dada yako mbona haji?"

Mama Dobi aliangalia miguu yake, ile ya pekupeku, ikikwepa vipande vya chupa.

"Ila najua," Fundi akaongeza upesi, "una nguo nyingi. Ulikuwa hujafika kwenye mifuko."

Alikuwa anamfungulia mlango, kama mtu amfunguliavyo aliyebeba mzigo. Mtaa mzima unajua kwamba kwa Mama Dobi mifuko ndiyo ya kwanza, na Fundi anajua kuliko wote.

"Eeh," akasema. "Nilikuwa sijafika."

Koti alilipiga pasi mara tatu, nalo likaenda shuleni. Fundi bado humletea nguo zake, na bado humwuliza kama amewasili. Yeye hujibu, "Nimewasili," lakini yale maneno mawili, mgeni mwenzangu, hayamtoki. Siku hizi Fundi huikagua mifuko yake mwenyewe, pale pale mbele ya kibanda, akaigeuza nje yote ndipo akampa. Mama Dobi huipokea suruali mifuko ikining'inia, hairudishi ndani mpaka Fundi ameondoka. Kisha, kwa mazoea, hutia mkono. Haikosi kuwa mitupu.