Triko la Mistari ya Mshazari

Kalemie nzima ilimjua Mama Marthe kwa matriko yake, sweta za kufuma zenye mistari ya mshazari. Katika kila safu alisogeza mistari kitanzi kimoja pembeni, ikapanda kwa kuinama, na triko likavutika kama lina roho. Alijigamba kwamba mtoto anaweza kuvaa moja kwa miaka mitatu.

Mama Marthe alimfumia Abigaël, mjukuu aliyekuwa akimlea, la bluu la kumkinga na upepo wa ziwa. Kila asubuhi alimvalisha, akampapasa mgongoni, akaona limemkaa sawasawa, akatosheka. Hakufikiri kwamba kinachotanuka na mtoto anayenenepa hunywea na mtoto anayekonda.

Mtoto akashikwa na homa; ilipozidi, muuguzi alimvua mtoto lile triko. Mama Marthe akakiona kifua cha mtoto, mbavu zikihesabika. Siku ya tatu walimzika.

Siku hizi Mama Marthe anafuma matriko magumu tu, yasiyovutika. Wateja hununa.

"Mama Marthe, hii itamubana mutoto kesho tu!"

"Imubane," hujibu bila kuinua macho. "Na akikonda, imupwaye. Mimi nataka umuone."